Nipe Mji

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wa Murangi, kama wenzao wa upande wote wa Majita, hawana haja ya kuingia ziwani. Taa haimvuti dagaa usiku ambao anga lote linang'aa. Jioni kama hizo nyumbani kuna watu, na vitendawili hupata nafasi. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake "Tega!", anatega, kisha ananyamaza. Kunyamaza huko si kusahau. Anajua ameuliza nini, nani amekwisha kubahatisha, na vipi bado hajavitoa. Anasubiri tu.

Kwa anayeandika chemsha bongo ya kwenye wavuti, tuseme ya kuwapima darasa la saba kabla ya mtihani, kusubiri huko ndiko kunakomtoa jasho. Fanksheni ya kawaida ikiitwa hukimbia mpaka mwisho, haina kituo njiani. Basi mwandishi huukatakata mchezo: kipande hiki kionyeshe swali, kile kiamke kitufe kikibonyezwa, na pembeni zikae kumbukumbu za tuko swali la ngapi na alama zimefika ngapi. Inafanya kazi, sikatai. Lakini urudi kuusoma msimbo huo baada ya miezi michache, mchezo huuoni tena.

Jenereta (si ile ya petroli) inauacha mchezo uandikwe jinsi unavyochezwa. Katika JavaScript ni fanksheni yenye nyota baada ya neno "function", na moyo wake ni mstari mmoja:

const jibu = yield swali;

Kwanza swali linatoka kwenda kwenye skrini, na fanksheni inasimama papo hapo, katikati ya mstari, pamoja na alama zake na kitanzi chake. Ukurasa wenyewe haugandi. Mtoto afikiri kidogo, au aitwe akachote maji kwanza, ni sawa. Akibonyeza, "next" inaitwa ikiwa imebeba jibu lake. Jibu linaingia upande wa kushoto wa mstari uleule, na kazi inaendelea.

Wanaojifunza hukwama kwenye "next" ya kwanza kabisa. Wanaipa jibu, na jibu linapotea. Si hitilafu: wakati huo fanksheni haijafika kwenye "yield" yoyote, kwa hiyo hakuna wa kulipokea. "Next" ya kwanza ni "Tega!" Haina jibu ndani yake, inafungua mchezo tu.

Utamu wenyewe uko kwa aliyeshindwa. Mtegaji hatoi jibu bure, anadai, "Nipe mji." Anapewa Mwanza au Mombasa, anasimulia alivyokwenda na alivyokula huko, ndipo anafumbua. Jaribu kuliingiza hilo katika programu ya vipande. Kitufe kilekile sasa kina maana mbili, kwa hiyo kila kinapobonyezwa uulize: huyu anajibu, au anatoa mji? Unaongeza kumbukumbu moja, kesho mbili, keshokutwa hujui ipi inaiharibu ipi. Kwenye jenereta unaandika: kama ameshindwa, mji = yield "Nipe mji". Basi. Mahali fanksheni iliposimama ndipo panapoeleza tunasubiri nini. Sijaona mbinu nyingine inayoheshimu mazungumzo kiasi hiki.

Wazo ni la zamani. Melvin Conway aliandika mwaka 1963 kuhusu programu zinazopokezana kazi bila kuanza upya; Barbara Liskov na wenzake wa MIT wakaliweka neno "yield" katika lugha ya CLU miaka ya 1970; Python ikapata jenereta mwaka 2001, na JavaScript ikazifanya rasmi mwaka 2015. Siku hizi wengi hukimbilia "async" na "await", na kwa kuchota data kutoka mtandaoni wako sahihi. Kwa mchezo wa maswali bado nachagua nyota.

Ina udhaifu wake, na huku kwetu unauma. Jenereta huishi katika kumbukumbu ya kivinjari tu. Simu ikizimika chaji, au mwenye simu akiichukua, imekwisha. Huwezi kuihifadhi ilivyosimama. Unachoweza kuhifadhi kwenye simu ni orodha ya majibu yaliyotolewa. Ukurasa ukifunguliwa tena unaanzisha jenereta mpya, unailisha majibu hayo moja baada ya jingine bila kuonyesha kitu, na inafika swali la nane kabla mtoto hajagundua. Sharti ni moja: maswali yaje kwa mpangilio uleule, kwa hiyo ukiyachanganya, na mpangilio nao uuhifadhi. Na kwa kuwa jenereta hairudi nyuma, anayetaka kubadili jibu la swali la tatu unamhudumia kwa njia hiyohiyo: rekebisha jibu la tatu kwenye orodha, kisha ulishe upya.