Nani Anangoja Njiani? Maoni Juu ya Riwaya Tatu



Katika nyumba za mapadri za Butembo na Beni kuna vitabu vinavyopita toka mkono hata mkono mpaka majalada yao yanakatika. Vingi ni vitabu vya sala na vya teolojia. Lakini miezi hii tumeona vitabu vya namna nyingine vikipita vile vile: ni riwaya, ndizo hadithi ndefu ambazo katika kifaransa twaziita roman. Tumesoma tatu, moja nyuma ya nyingine. Zote tatu zasimulia habari ya mtu anayejitafuta. Mimi ni nani? Watu wangu ni wapi? Yanipasa kuishi namna gani?

Sababu ya kuandika maoni haya ni hii. Padri mmoja mzee aliona kitabu kimojawapo katika mikono ya seminaristi, akakichukua, akasema: «Kitabu hiki chafundisha mapadri kukimbia.» Seminaristi alinyamaza. Nyuma ya siku chache alitujia, akatuuliza: «Padri, ni kweli kwamba kitabu chaweza kumkimbiza mtu?» Ulizo hili si la mchezo. Tunataka kulijibu, si kwa kumpinga mzee wetu, ambaye tunamheshimu, bali kwa kutazama vitabu vyenyewe.

*Padri aliyeingia pori*

Kitabu kilichochukuliwa ni Entre les eaux cha V. Y. Mudimbe, kilichotoka Paris mwaka wa 1973. Mudimbe ni mtu wa kwetu. Alizaliwa Likasi mwaka wa 1941, akaingia seminari akingali mtoto, akawa mtawa wa Mtakatifu Benedikto katika Rwanda, kisha akaacha maisha ya kitawa na kuwa mwalimu mkubwa wa universite. Alikufa Marekani katika Aprili 2025. Basi, alipoandika juu ya padri, aliijua nyumba toka ndani.

Padri wa kitabu anaitwa Pierre Landu. Amesoma Roma. Anaona kwamba Eklezya imekaa karibu mno na wenye mali, na kwamba Kristu yuko pamoja na wanaoonewa. Anaacha parokia, anaenda kujiunga na waasi katika pori. Huko hawamwamini, kwa sababu ni padri. Barua aliyomwandikia askofu wake yaonekana, nao wanamhukumu kufa. Jeshi la serikali lashambulia, naye anapona. Anaoa mwanamke, anaitwa Kaayowa. Anamwacha. Mwishoni anaingia monasteri na kupata jina jipya. Amekuwa kati ya maji mawili, wala hakufika ngambo.

Wandugu, kwingine habari hii yaweza kusomwa kama mchezo wa akili. Kwetu hapana. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa katika mashamba na vijiji vyao. Vijana wengi wameingia pori na kusema: «Tunawalinda wazazi wetu.» Wengine walikuwa wahudumu wa altare. Na mapadri watatu wa Mbau, waliochukuliwa na watu wenye silaha katika Oktoba 2012, hawakuchagua pori kama Landu. Basi, seminaristi wa kwetu akisoma ulizo la Landu, hasomi ulizo la Ulaya. Anasoma ulizo ambalo ndugu yake amekwisha kulijibu kwa bunduki.

Je, kitabu chafundisha kukimbia? Tunasema: hapana. Mwandikaji hamsifu Landu. Kila mara Landu anapofikiri kwamba amejipata, twaona kwamba amebadili nguo tu: kanzu, kisha nguo ya askari, kisha nguo ya bwana-arusi, kisha nguo ya mtawa. Nani alimwita katika pori? Ni yeye mwenyewe alijiita. Anasema sana juu ya maskini, lakini sikio lake liko kwa sauti yake mwenyewe. Hata mwishoni msomaji anabaki na shaka: Ameingia monasteri kwa kumtafuta Mungu, ao kwa kujificha?

Lakini tuseme pia hatari yenyewe ni nini. Sisi tulikisoma mara ya kwanza katika seminari kubwa, usiku, kwa taa ndogo. Tulipenda nini? Tulipenda maneno yake ya latini na ya filosofia. Tulipenda mashaka ya Landu kama kijana anavyopenda koti nzuri ya mtu mwingine. Tulitembea nayo siku nyingi na kujiona watu wenye akili ya ndani. Sasa tumekisoma tena, nyuma ya miaka kadhaa ya parokia na ya maziko mengi, na koti ile hatukuiona tena. Tumeona mtu aliye peke yake. Hatari ya kitabu si kwamba chamtoa mtu katika seminari. Hatari ni kupenda uzuri wa mashaka na kusahau kutoka ndani yao.

*Binti aliyepigwa kwa sababu ya barua*

Kitabu cha pili ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mtu wa kisiwa cha Ukerewe katika Tanzania, aliyezaliwa mwaka wa 1944 na kufa katika Januari 2020. Yeye pia alipita katika seminari, ile ya Nyegezi. Kitabu kilitoka mwaka wa 1971, na kwa wakati fulani kilikatazwa katika masomo ya Tanzania. Tena kimeandikwa kwa kiswahili. Kiswahili chao si sawa kabisa na chetu, lakini katekista wetu aweza kukisoma bila kuomba msaada.

Rosa ni binti wa Zakaria, mtu wa pombe na wa hasira. Jina lake ni jina la Bikira Maria, lile tunalolitaja katika litania. Mvulana anamwandikia barua. Baba anaiona, anampiga binti vibaya sana. Rosa anajifunza neno moja tu: mwanaume ni hatari. Basi, anapokwenda mbali kwa masomo, ambapo baba hayuko, hajui tena kujiongoza. Anaanguka, anaanguka tena, anatoa mimba. Kijana anayemposa anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Wengine wasema kitabu hiki chafaa kwa kuonya wasichana. Tulifikiri hivi sisi pia. Katekista mmoja alitusahihisha. Alikuwa amekimbia vita na watu wake, toka pande za kaskazini ya Beni, akikaa kwa jamaa pamoja na watoto. Alituomba kitabu cha kusoma jioni. Tulimpa hiki. Akakirudisha nyuma ya juma moja, kimefungwa vizuri katika mfuko kusudi mvua isikiharibu. Akasema:

«Padri, si kitabu cha kuonya wasichana. Kimenionya mimi.»

Tukamwuliza: «Namna gani, Mzee?»

«Zakaria ni mimi. Mimi sinywi kasiksi, watu wote wanajua. Lakini fimbo yake naijua.»

Akatusimulia kwamba binti yake mkubwa alikuwa akipokea maneno ya kijana katika telefoni. Alimpiga. Binti aliondoka, akaenda Butembo, na sasa ni mwaka wa pili. Mama yake anajua anapokaa. Baba hakuuliza hata siku moja.

Wandugu, tulinyamaza. Miaka yote twasema kwamba vitabu vya kujitafuta ni vya vijana. Kumbe mtu wa makamo, mwenye kufundisha wengine njia ya Mungu, alijiona katika kitabu, wala si katika Rosa anayesimuliwa, bali katika baba aliye mlangoni na fimbo.

Hata hivi tuna neno la kumpinga Kezilahabi. Kwa nini Rosa sherti afe? Mwandikaji anamfukuza kwa haraka mno mpaka shimoni, kama vile msichana aliyeanguka hana njia nyingine. Katika soko za Butembo akina Rosa wako wengi. Wanauza mboga na samaki, wanalea watoto wao, wanalipa masomo yao franga kwa franga, na siku ya Mungu wanakaa nyuma katika kanisa karibu na mlango. Hawakufa. Riwaya inayowasimulia hao, na namna walivyoamka siku nyuma ya kuanguka, tungali tunaingoja. Huenda mmoja wa wasomaji wetu ataiandika.

*Mwanafunzi aliyerudi*

Juu ya kitabu cha tatu tutasema machache. Ni L'Aventure ambiguë cha Cheikh Hamidou Kane wa Senegali, kilichotoka mwaka wa 1961. Mwandikaji ni mwislamu, lakini padri atajifunza mengi hapa. Samba Diallo ni kijana aliyelelewa na mwalimu wa Korani, Thierno, mtu mkali mwenye kumpenda Mungu kweli. Wakubwa wa kabila wanamtoa aende masomo ya wazungu. Anafika Paris, anasoma filosofia, na pole pole sala inakauka ndani yake. Hakuasi, imekauka tu. Baba yake anamwita arudi. Anaporudi, Thierno amekwisha kufa. Mtu anayemfuata na kumwomba asali ni mwenda wazimu, askari wa zamani aliyeharibika akili katika Ulaya. Samba Diallo hasali. Mwenda wazimu anamwua.

Mapadri wengi waliotumwa Roma, Louvain ao Kinshasa watajua ukavu ule. Mtu anarudi na diploma, watu wanapiga vigelegele na kumpa mbuzi, lakini hakuna anayemwuliza: «Padri, ungali unasali?» Kitabu hiki ni kizuri kupita vyote vitatu kwa namna kilivyoandikwa. Hakuna neno la bure. Lakini ni baridi. Watu wake wanasema kama wenye hekima, wala si kama watu wenye njaa na wenye kucheka.

*Neno moja la vitabu vyote*

Tuliviweka vitabu hivi vitatu juu ya meza, tukajiuliza: Vinafanana katika nini? Tukakumbuka mfano wa mwana mpotevu. Twapenda kuhubiri juu ya saa ile kijana alipokuwa kati ya nguruwe, akaingia ndani ya moyo wake na kujitambua. Ndiyo, alijipata pale. Lakini kama habari ingekwisha pale, angebaki mtu anayejijua vizuri na kufa na njaa. Habari yaendelea kwa sababu kulikuwa baba aliyekuwa akitazama njia.

Katika riwaya tatu hizi, wana wanajitafuta kwa nguvu zote. Anayekosa ni mtu wa njiani. Landu anaandika barua, na barua yake yamletea hukumu, si jibu. Rosa anamwona baba yake na fimbo. Samba Diallo anamkuta njiani mtu mmoja tu, naye ni mwenda wazimu. Ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyefika. Mtu hajipati kwa kujitazama peke yake, kama vile hakuna anayejipa jina mwenyewe. Sherti aweko anayemwita kwa jina, na anayengoja jibu lake.

Na sisi mapadri, watu wanatuita nani? Wanatuita «baba». Vitabu hivi havituulizi kwanza kama vijana wetu watakimbia. Vinatuuliza kama sisi tuko njiani.

Basi, tunamjibu seminaristi wetu. Kitabu hakimkimbizi mtu. Chaweza kumwonyesha kwamba amekwisha kukimbia ndani ya moyo, na kujua hivi mapema ni neema. Tena tunatoa mashauri matatu.

Kwanza: Usisome vitabu hivi peke yako usiku, kama sisi tulivyofanya. Usome na mwenzako, ao na padri anayekuongoza, na mseme wazi yanayowachoma.

Pili: Usijitafute katika mtu mkubwa wa kitabu tu. Ujitafute pia katika wale wanaomzunguka, kama katekista wetu.

Tatu: Ukimaliza kitabu, usifungue kingine mara moja. Inuka, uende kwa mtu fulani. Kama kitabu hakikukutuma kwa mtu, umekisoma nusu.

Kwa mzee wetu tunaomba neno moja kwa heshima: arudishe kitabu kwa seminaristi, na wakisome pamoja. Ana miaka mingi ya upadri. Anajua juu ya pori na juu ya njia mambo ambayo Mudimbe hakuyaandika.

Katekista aliomba nambari ya telefoni ya binti yake kwa mama yake. Alipiga jioni moja, amesimama katika ua wa misioni, mahali telefoni inaposhika vizuri. Binti hakupokea. Akapiga tena kesho yake, vivyo hivyo. Tulipomwacha alikuwa akiweka nambari ile katika kitabu chake kidogo cha sala, akasema: «Padri, nitapiga tena siku ya Mungu, nyuma ya misa. Siku ile hafanyi kazi.»