Machimbo Yanayohama: Udhibiti wa Dhahabu Katika Mkoa wa Katavi

Ugumu wa kusimamia machimbo madogo ya dhahabu yanayouzunguka mji wa Mpanda unaanzia chini ya ardhi kabla ya kufika katika ofisi yoyote. Dhahabu hukaa ndani ya mishipa myembamba ya mawe ya kwatzi, na sehemu ya juu ya mshipa, iliyolainishwa na hewa na maji kwa karne nyingi, huvunjika kwa nyundo na moko, yaani tindo, na kuachia punje ambazo zebaki huzinasa bila shida. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, likishavuka kina cha maji ya ardhini, dhahabu hukutwa imefungwa ndani ya mawe yenye salfa, zebaki huambulia kidogo, na pampu hula dizeli kupita mapato, hivyo wachimbaji hufungasha na kuhama. Chimbo linalosemwa limekwisha, basi, mara nyingi halijaisha, bali zana ndizo zilizofika kikomo.

Chimbo likifungwa, kilichojengwa kwa ajili yake hakihami. Kampuni ya Uruwira Minerals iliyochimba risasi Mpanda ilihudumiwa na tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lililofunguliwa mwaka 1950, na mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli ilibaki palepale ikibeba abiria na mazao, manufaa makubwa, ingawa si hayo yaliyoijengea hoja.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo, kama reli hiyo, ilifunga udhibiti kwenye ardhi ya mahali pamoja: leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Mtanzania, katika eneo lisilozidi hekta 10 kwa madini kama dhahabu, kwa miaka 7 inayoweza kuhuishwa. Rashi, yaani mmiminiko wa ghafla wa watu kwenye ugunduzi mpya, haisubiri kalenda hiyo, kwa kuwa huweza kuzuka na kutawanyika huku leseni ikiwa bado mbichi. Zaidi ya hayo, wachimbaji wengi hulipwa kwa mgao wa viroba vya mawe badala ya mshahara, kwa hiyo mzigo wa duara moja hugawanyika mikononi mwa watu wengi kabla haujafika kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe.

Badiliko la maana zaidi lilikuja mwaka 2019, masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa, Mpanda ikiwamo, na udhibiti ukahamia pale dhahabu inapouzwa. Mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vilitozwa hapo, lakini uhodari wa mpango ulikuwa katika kilichoondolewa: wachimbaji wadogo walifutiwa kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, mzigo uliofanya njia za panya zilipe kuliko mlango wa mbele.

Hata hivyo, mizani ya soko hupima gramu, haipimi shimo. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, hununuliwa na wenye matangi ya sayanidi, ambayo hutoa dhahabu iliyoishinda zebaki, ilhali duara lililoachwa wazi halina mnunuzi, na kulifukia hubaki kwa mwenye leseni ambaye wachimbaji wake wamekwisha kufuata rashi nyingine.