Mabuti Yakishashuka Mlimani

Mgumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitwa mjini Moshi, hapimwi kwa mzigo tu. Mtazame kesho yake baada ya kushuka.

Mzee mmoja wa Marangu nilimkuta uani akiyashughulikia mabuti yake. Alichomoa kamba zote, akatoa soli za ndani, akakung'uta. Vumbi la kilele cha Kibo si la barabarani. Ni la mawe ya volkano, lina makali, hujipenyeza kwenye mishono na kusaga uzi kila mguu unapokunjika. Ndiyo maana alianza na mswaki wa meno uliochakaa, mkavu, akifuata mshono mmoja mmoja bila haraka. Maji yalikuja baadaye, tena kwa kitambaa tu. Kisha akayajaza magazeti na kuyaweka kivulini penye upepo. Mjukuu alitaka kuyasogeza kwenye jiko la mkaa yakauke upesi. "Acha, mjukuu wangu, ngozi haiokwi," mzee akamwambia. Moto huipasua ngozi na kuachisha gundi ya soli. Jioni alibadilisha magazeti. Mafuta yalisubiri hadi ngozi ikauke yenyewe.

Mabuti yenyewe yalikuwa ya mtumba, ya soko la Memorial mjini Moshi, na bado yalikuwa yakipanda hadi kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee.

Siku hizi vifaa vingi ni vya kukodi, na cha kukodi hakina mwenyewe. Hema hukunjwa bichi na kutupwa stoo. Likifunguliwa, ukungu umeota na utando wa kuzuia mvua unabanduka kama ngozi ya nyoka. Mfuko wa kulalia huachwa umeshindiliwa wiki nzima, manyoya yakalala, halafu mgeni anatetemeka usiku kambi ya Barafu na kuulaumu mlima. Viwanda navyo havikosi lawama: kuna soli za povu ambazo hata zikitunzwa kabatini, unyevu wa hewa huzila hadi zikameguka. Hapo fundi viatu hana la kushona. Lakini hema bichi halikuharibiwa na kiwanda.

Desemba Watanzania wengi hupanda kuadhimisha Uhuru, na wakishuka huwaachia wagumu viatu na makoti. Ukiwa mmoja wao, usimpe mtu buti lililojaa matope. Lisafishe, likaushe kivulini, ulikabidhi na kamba zake.