Ukuta wa Delft hapa Lubumbashi

Kwenye maonyesho ya mwisho ya shirika letu kulikuwa tablo moja iliyotundikwa pembeni kabisa, karibu na mlango wa depo. Kijana mmoja wa hapa kwetu alikopia kwa rangi ya mafuta «Barabara Ndogo» ya Vermeer, mchoraji wa Uholanzi aliyeipaka karibu mwaka wa 1658. Watu walipita haraka. Muzee mmoja akasema: «Ile nyumba ya bazungu, mapokeo yetu iko wapi pale?»

Muzee hakuzua neno hilo. Pierre Romain-Desfossés, alipofungua karakana ya Hangar hapa Elisabethville mwaka wa 1946, hakutaka vijana wake waige picha za Ulaya. Bela alipaka kwa vidole, Pilipili akajaza kazi zake samaki na ndege. Matunda yalikuwa mazuri, sibishi. Lakini Rubens alikopia Titian, na hakuna aliyemwambia amepoteza mapokeo yake. Mbona sisi tu njo tukatazwe?

Basi tuihukumu kopi kama kopi. Kijana alifanya vizuri mistari. Alipima kwa uzi, kama vile maçon anapima ukuta, na nyumba yake haianguki. (Vermeer naye, katika picha zake kadhaa za ndani ya nyumba, alichoma pini kwenye kitambaa na kufunga uzi wa chaki apate mistari ya kukutana. Tundu za pini zimeonekana.) Kosa liko ukutani. Kijana alipaka tofali moja moja, yote sawasawa, mekundu, mapya, kama yametoka kwenye tanuru jana. Vermeer hakuhesabu matofali. Ukuta wake ni mzee: una nyufa zilizozibwa, chokaa nyeupe chini imechakaa, dirisha moja limefungwa, lingine wazi. Ndani ya sentimita 54 kwa 44 tu aliweka miaka mingi ya mvua. Kijana alikopia nyumba, akasahau uzee wake.

Tena aliharakisha. Rangi ya mafuta haikauki kama ile ya duka ambayo wachoraji wetu wengi wanapaka kwenye mfuko wa unga. Ya chini iwe nyepesi, ya juu iwe na mafuta zaidi, na kati yake uvumilivu. Yeye aliweka nzito juu ya mbichi, wakati wa mvua, na anga yake imeanza kupasuka. Nilimwambia, alinyamaza kwanza, kisha akakubali.

Lakini yule mama anayeshona mlangoni, aliyeinama juu ya kazi yake, kijana alimpata. Mgongo ule ameuona kwao nyumbani. Hata watoto wawili waliopiga magoti wakicheza wako sawa.

Kwa Muzee ningejibu hivi. Mwaka wa 2015 profesa Frans Grijzenhout, kwa kupekua kitabu cha kodi cha mji wa Delft cha 1667, alitoa hoja kwamba nyumba ile ilikuwa Vlamingstraat, ya shangazi yake Vermeer, mjane aliyeuza matumbo ya nyama. Si jumba la mfalme hata! Ni matofali, mama wa sokoni, watoto chini. Na sisi wenye kujenga kwa matofali ya udongo wa kichuguu tutasema hatujui kitu kile? Kukopia ukuta ule vizuri ni kujifunza kuona wa kwetu, ambao tunaupita kila siku bila kuutazama.

Kijana ameanza kopi ya pili. Safari hii ameacha anga, anapaka ukuta peke yake. Asubuhi, kabla ya kushika burashi, anapita Kamalondo kutazama namna chokaa inavyobanduka kwenye nyumba za zamani.