Askari Huku, Bunduki Kule

Tarehe 20 Mei 1941 Wajerumani walikivamia kisiwa cha Krete kutoka angani. Wengi wa askari wao wa miavuli walitua wakiwa na bastola, kisu na mabomu machache ya mkono. Bunduki na bombomu zilishuka kando, ndani ya makasha marefu, kila kasha na parachuti yake. Makasha hayo yaliangukia penye mizeituni, mengine mbele ya mitutu ya askari wa New Zealand waliokilinda kisiwa, na Mjerumani akalazimika kukimbia mahali peupe kuifuata silaha yake huku akipigwa risasi. Karibu na uwanja wa ndege wa Maleme, batalioni moja ya watu wapatao 600 ilipoteza kama 400.

Lawama zote hutupiwa kasha. Mimi naanzia kwenye mikanda. Parachuti ya Kijerumani ilimshika askari sehemu moja tu, mgongoni, hivyo akashuka akining'inia kifudifudi, mikono haizifikii kamba za juu. Hakuweza kuiongoza parachuti, na alitua kwa mikono na magoti. Ndiyo sababu alivaa pedi nene magotini. Mtu anayetua hivyo hawezi kubeba bunduki kifuani. Kasha lilikuwa matokeo ya mikanda hiyo.

Mwingereza alishuka wima, miguu chini, na wima huo ndio uliofungua njia. Mzigo ulitiwa katika mfuko wa turubai na kufungwa mguuni. Parachuti ikishafunguka, askari alichomoa pini, akauteremsha mfuko kwa kamba ya mita kama 6, ukaning'inia chini yake. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe: mfuko hutangulia kugusa ardhi, parachuti inapunguziwa uzito, na mwenyewe anatua mwepesi, mguu ukiwa huru. Usiku, kamba ikilegea, anajua ardhi imefika. Na silaha iko mwisho wa kamba aliyoishika mwenyewe.

Wamarekani waliuazima mfuko huo kwa ajili ya uvamizi wa Normandy, usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944. Wengi hawakuwahi kuruka nao hata mara moja. Waliushindilia kupita kiasi, na marubani, wakikwepa mizinga, waliwaachia waruke ndege zikiwa katika mwendo mkali mno. Parachuti zilipofunguka, mshtuko ulikata kamba na kung'oa mifuko miguuni. Luteni Richard Winters wa Divisheni ya 101 alifika chini na kisu tu, bila bunduki kama wale wa Krete.

Hata hivyo siuhukumu mfuko. Uliuawa na uzito, mwendo wa ndege na kukosa mazoezi, mambo matatu ambayo kamanda angeweza kuyarekebisha kabla ya safari. Kasha la Krete halikuwa na marekebisho. Hadi leo askari wa miavuli huuteremsha mzigo wake kwa kamba kabla ya kutua.