Kinachofika mezani kwa bosi: namna ya kumpima katibu muhtasi

Matangazo ya ajira serikalini Tanzania yamezoea kumtaka katibu muhtasi awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 80 au 100 kwa dakika, na awe na cheti au stashahada ya uhazili. Sina neno baya juu ya vigezo hivyo. Waliosomea uhazili Tabora wakati hatimkato ilikuwa hatimkato kweli unawatambua hadi leo kwa namna wanavyoshika faili. Lakini mwenye kampuni ndogo, ya watu wanane au kumi na wawili, akiajiri kwa kunakili tangazo la wizara, anaweza kupata mtu anayechapa upesi huku ofisi ikibaki na vurugu zilezile.

Kampuni ndogo haina masjala wala ofisa utumishi, na mara nyingi mhasibu wake huja siku mbili kwa wiki. Kila jambo linamwendea mtu mmoja, naye ndiye anayetafuta wateja, anayesaini hundi na anayeamua ugomvi wa dereva na fundi. Katikati ya mtu huyo na dunia nzima kuna chujio moja tu, katibu wake. Kwa hiyo ukitaka kumpima, tazama kwanza kinachofika mezani kwa bosi, na kimefika kikiwa na sura gani.

Omba uoneshwe ujumbe wa asubuhi. Katibu wa kawaida humrushia bosi picha za barua nane kwenye WhatsApp, moja baada ya nyingine, bila neno. Aliye hodari huandika hivi:

"Shikamoo mzee. Leo yapo mawili ya kuamua. La kwanza, mteja wa Mwanza anaomba siku 30 zaidi. Tunamdai milioni sita, na mwaka jana alichelewa lakini alilipa yote. Napendekeza tumpe siku 14. La pili, kontena limeshushwa, siku za bure bandarini zinaisha Jumatano. Hati za malipo ziko tayari, zinakosa saini yako tu. Mengine nimeyajibu, nakala zipo kwenye faili la leo."

Usome tena taratibu. Mambo yamepungua hadi mawili, na kila moja limekuja na historia yake, kiasi chake na siku yake ya mwisho. Neno "napendekeza" lina uzito mkubwa kuliko yote, maana linaonesha mtu aliyefikiri kabla ya kuuliza, na aliyekubali kwamba pendekezo lake linaweza kukataliwa. Halafu ile sentensi ya mwisho: ameyajibu mengine, ila ameacha njia ya kumkagua. Mimi nikiona ujumbe wa namna hii, cheti sikiulizii tena.

Baada ya hapo angalia kalenda yake, na usihangaike na rangi alizoipaka. Kodi ya mishahara inatakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ritani ya VAT, kwa waliosajiliwa, inawasilishwa kufikia tarehe 20. Kampuni inayofuata mwaka wa kawaida hulipa kodi ya makadirio kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Hiyo ni kazi ya mhasibu, kweli, lakini katibu hodari anajua kwamba mhasibu hawezi kulipa bila idhini ya bosi, na kwamba tarehe 6 bosi atakuwa Dodoma. Basi tarehe 2 tayari ameshauliza karatasi ziko wapi. Faini nyingi za kampuni ndogo hazitokani na kukosa hela, zinatokana na kukosa mtu wa kuuliza swali hilo mapema.

Kalenda hiyohiyo itakuonesha kama anaijua dunia anayofanyia kazi. Je, amepanga kikao kizito Ijumaa saa saba mchana, wakati nusu ya wajumbe wako msikitini? Je, ameacha nafasi pande zote mbili za siku inayotarajiwa kuwa Idi, akijua kwamba mwezi ndio utakaoamua? Akimwandikia mgeni kwa Kiingereza, saa tatu asubuhi ya kwetu ameiandika 9:00, na ametaja kuwa ni saa za Afrika Mashariki? London ikiwa saa tatu asubuhi, Dar es Salaam ni saa sita mchana wakati wa baridi yao na saa tano wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa Machi na Oktoba na sisi hatusogezi. Kigali na Lubumbashi wako nyuma yetu saa moja mwaka mzima. Ni mambo madogo, lakini mteja aliyekaa peke yake mbele ya kompyuta kwa saa nzima akisubiri kikao huwa hasahau.

Sasa msikilize akiwa kwenye simu na mtu anayekudai. Hapa ndipo wengi huanguka, na lawama nyingi naziweka kwa mabosi wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaowafundisha makatibu kusema "bosi hayupo" huku sauti ya bosi inasikika mlango wa pili. Katibu aliyezoea uongo mdogo kwa niaba yako ataaminiwa na nani siku ukihitaji aaminiwe? Nimemsikia mmoja, katika ofisi ya mtu ninayemfahamu, akimjibu muuza vifaa aliyekuwa amekwisha kupandisha sauti: "Kaka, malipo yako hayajatoka. Hundi inasubiri saini, na mkurugenzi anarudi Alhamisi. Kabla ya hapo sitakuahidi kitu. Alhamisi saa tisa alasiri nitakupigia mimi, iwe imesainiwa au haijasainiwa." Hakutaja salio la benki wala hakumlaumu mtu. Na Alhamisi saa tisa alipiga, hundi ikiwa bado haijasainiwa. Yule muuzaji aliendelea kuikopesha kampuni hiyo mali.

Usiri unakwenda sambamba na hilo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nakala za vitambulisho, mikataba na mishahara vilivyo kwenye droo ya katibu vinaguswa nayo. Ila kwenye kampuni ndogo mtihani mgumu zaidi huja kwa upole. Shemeji wa bosi anapita kusalimia, anauliza nani analipwa kiasi gani. Hodari humkaribisha chai, na swali lile halipati jibu.

Muhtasari wa kikao unapima haraka sana. Ukikuta "wajumbe walijadili kwa kina suala la magari", funga faili. Ukikuta "gari la mizigo lipelekwe sevisi kabla ya tarehe 14, gharama isizidi laki nne, msimamizi ni fundi mkuu", na kwenye muhtasari unaofuata jambo hilohilo limerudi likiwa na jibu, umepata mtu. Masurufu nayo yasikuchoshe: ulizia fedha taslimu iliyopo kwenye kisanduku sasa hivi, ijumlishe na risiti, uone kama inafika kiasi alichopewa. Mavazi, lafudhi ya Kiingereza na tabasamu la mapokezi ni vya kupendeza, na huwadanganya waajiri wengi.

Kipimo ninachokithamini kuliko vingine ni mipaka. Katibu mzuri akikaa miaka, watu huanza kumwita bosi mdogo, na wengine hulipenda jina hilo. Wanaanza kumnyima nafasi mteja wasiyempenda, au kuitumia sahihi ya kielektroniki ya mkurugenzi "kwa sababu angekubali tu". Muulize ni mambo gani anayaamua mwenyewe na yapi hayagusi hata simu ya bosi ikiwa imezimwa. Asiyeweza kuyataja papo hapo bado hajajiwekea mipaka, na siku moja atakugharimu. Aliye bora ana orodha kichwani, tena atakwambia ni lini mara ya mwisho walikaa na bosi kuipitia.

Kisha mpe likizo, ya siku zote anazostahili kisheria. Waajiri hujisifu kwamba katibu wao akiondoka ofisi inasimama, nami nikisikia hivyo humtilia shaka katibu. Mtu anayeficha nywila na namba za simu ili asikosekane anajilinda yeye mwenyewe. Hodari huacha karatasi mbili: kazi zinazoendelea na kila moja imefikia wapi, nani apigiwe kwa lipi, na tarehe zitakazoangukia ndani ya likizo yake. Nywila za mfumo wa TRA na wa BRELA ziko kwenye bahasha iliyofungwa, kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao bosi, na siku ya mwisho kabla ya kuondoka amekaa na anayemshikia nafasi wakapitia kila mstari.