Karatasi ya Chekereni iliharibikia karaini

Jua halikuwa na kosa. Karatasi ile iliharibika pale mkufunzi aliposukuma pembeni beseni la nyuzi za mgomba na kutangaza kwamba atachota mwani mtupu. Mliokuwepo kwenye onyesho la kutengeneza karatasi kule Chekereni mliona kilichofuata. Fremu ilipoinuliwa, maji yaligoma kuchuja, rojo likang'ang'ania wavu kama mlenda. Lilipokauka, kingo zilijikunja, na karatasi ikapasuka katikati ilipobanduliwa kitambaani.

Tukaambiwa ni unyevu. Sikubali. Mwani ule ni wa aina ya spinosum kutoka Zanzibar, ile inayofungwa kwenye kamba Paje na Jambiani tangu kilimo hicho kilipoanza kibiashara mwaka 1989. Viwanda huununua kwa ajili ya karajinani, utomvu unaoyeyuka katika maji ya moto. Kwenye onyesho wakauchemsha mpaka ukalainika kabisa, kisha wakautaka utomvu ufanye kazi ya nyuzi! Karatasi husimama kwa nyuzi zilizopishana na kukamatana maji yakishatoka. Utomvu ukikauka peke yake husinyaa tu. Wakorea waliopata karatasi ya mwani mwekundu walitumia Gelidium, ambayo ndani yake mna nyuzi nyembamba. Kampuni ya karatasi ya Favini ya Italia, ilipoanza kutumia mwani wa Venice miaka ya 1990, iliuchanganya na nyuzi za miti.

Najua kilichomvuta mkufunzi: apate kusema "mwani asilimia mia". Tamaa hiyo nimeilalamikia mara nyingi. Wanawake wa Zanzibar hutia unga wa mwani kwenye sabuni ya mafuta ya nazi, na hakuna mteja aliyewahi kudai kwamba hiyo si sabuni ya mwani.

Fremu zilikuwa zimenyooka na ubanaji ulikuwa mzuri.

Lakini kuchagua malighafi ndiyo kazi yenyewe, na hapo nawakumbuka vijana viziwi walioanza na karakana ya Neema Crafts, Iringa, mwaka 2003. Walichukua kinyesi cha tembo, ambacho nyuzi zake zimekwisha kutafunwa na kulainishwa, wakatoa karatasi inayoandikika. Hawakubishana na malighafi yao.

Na tusisahau tulikuwa wapi. Chekereni imo ndani ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Mpunga ukishavunwa, mabua yamejaa kila upande, na mengine huchomwa moto. Nimeandika hili hadi wahariri wamechoka: mabua hayo yakatwe mafupi, yachemshwe na magadi, yasuuzwe, yatwangwe. Nyuzi zake ni fupi, kwa hiyo zinahitaji mgomba, na migomba imejaa kuanzia Kirua hadi Machame. Hao Wajapani wenyewe, wanapotengeneza washi, karatasi yao ya jadi, huweka ute wa mmea karaini ili nyuzi ndefu zisishikane mabonge. Karatasi yenyewe hubaki kuwa ya nyuzi.

Mwani uliobaki guniani usitupwe. Uoshwe chumvi, vipande vichache vikatwe na kutiwa kwenye rojo la mgomba na mabua, vionekane juu ya karatasi ya kufungia sabuni au ya kadi. Unaobaki uchemshwe, uchujwe, na maji yake mazito yawekwe kwenye sinia ili rangi za kupambia karatasi zielee juu yake. Wapambaji wa Ulaya wameitumia karajinani hivyo kwa miaka mingi, na sinia moja hupamba karatasi nyingi.